Nyama ya Mwewe

"Niachie hilo beseni, Nuzhat."

"Siachi, Mama."

"Umeingia nyumba hii juzi, leo unanifundisha kutoa sadaka?"

Walikuwa juu ya paa, mama mkwe ameshika ukingo mmoja wa beseni na mkwe ameshika mwingine. Ndani yake mlikuwa na mapafu ya ng'ombe, yamekatwa vipande vidogo. Mwewe walikwisha kuyaona. Walizunguka juu yao wengi, wakilia. Wengine walitua kwenye tangi la maji la jirani wakingoja.

Mama mkwe huyo, Bi Musarrat, alikuwa akiwatupia mwewe nyama kila mara mwanawe Adeel alipokwenda kazini. Adeel alikuwa mhudumu katika ndege kubwa za abiria. Siku hiyo alikuwa anakwenda Jeda na ndege iliyojaa watu wa Umra, na ingeondoka baada ya Alasiri. Ndege zikiondoka zilipita juu ya mtaa wao, chini kiasi kwamba vikombe vilitikisika kabatini.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mtu akiugua, nyama ilizungushwa juu ya kichwa chake, kisha ikatupwa kwa mwewe ili waondoke na balaa. Msichana akienda kwenye mtihani, nyama. Muuza nyama wa pale darajani alikuwa na vifurushi maalumu vya sadaka, na watu walivinunua bila hata kushuka kwenye pikipiki.

Lakini Nuzhat, mke wa Adeel, alikuwa amesikia habari asubuhi ile. Siku chache kabla, ndege moja iliyokuwa ikipaa ilimeza mwewe kwenye injini. Ilirudi uwanjani na injini moja tu. Hakufa mtu. Mama mkwe alimjibu kwamba hakufa mtu kwa sababu kuna watu bado wanatoa sadaka.

Kelele zao zilimwamsha Tanveer, jirani ambaye paa lake liliungana na lao. Tanveer alikuwa fundi wa injini za ndege na alikuwa amelala baada ya zamu. Alikuja amevaa fulana, macho mekundu. Aliuliza kama mtu anachinjwa.

"Mwambie huyu," alisema Nuzhat. "Mimi haniamini. Anasema nina wivu na mwewe."

Tanveer hakucheka. Alikaa ukingoni mwa paa, akamwomba Bi Musarrat aweke beseni chini na alifunike kwanza. Kisha akaeleza. Mbele ya injini ya ndege kubwa kuna mapanga mengi, kama feni, lakini feni refu kuliko mtu. Yanavuta hewa kwa nguvu sana. Mwewe aliye karibu hawezi kukwepa. Ni ndege mdogo, kweli, lakini kwa mwendo ule anapiga kama jiwe kubwa. Mapanga yanapinda au yanakatika. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa kupaa, kwa sababu ndege ni nzito, imejaa mafuta, na iko chini. Rubani hana nafasi ya kufikiri.

"Si ina injini mbili?" aliuliza Bi Musarrat. "Adeel aliniambia moja inatosha."

"Moja inatosha, Mama. Lakini hawa wako wangapi hapo juu?"

Bi Musarrat alitazama angani, kisha akainamisha kichwa.

Tanveer alisema kwamba yeye ndiye aliyesafisha injini ile. Alitoa manyoya, akatoa damu. Tumbo la mwewe lilikuwa limepasuka, na ndani mlikuwa na vipande vya mapafu vilivyokatwa kwa kisu.

"Mwewe hachinji ng'ombe," alisema. "Kuna mtu alimpa."

"Unasema ni mimi?"

"Sijui ni paa la nani. Mke wangu naye alikuwa anatupa, mpaka nilipomwonyesha picha. Nasema tunawaita sisi wenyewe, halafu tunapitisha watoto wetu katikati yao."

Bi Musarrat alikaa kwenye kitanda cha kamba. Nuzhat alikuwa na maneno mengine tayari, lakini aliyameza. Mama mkwe alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku Shahzeb alipokufa ilikuwa Jumanne," alisema. "Jumanne serikali hairuhusu mabucha kuuza nyama. Sikumtolea kitu. Akagongwa na lori."

Shahzeb alikuwa kaka yake Adeel. Tangu wakati huo mama yao hakukosa hata mara moja. Alinunua nyama kila Jumatatu akaiweka kwenye friji, asije akakutwa mikono mitupu tena. Nuzhat alikuwa ameiona nyama ile mara nyingi, na kila mara alidhani ni ubahili wa kizee.

"Mama," alisema Nuzhat, "dereva wa lori alisinzia. Wewe hukufanya kitu."

"Ndiyo maana. Sikufanya kitu."

Adhana ya Alasiri ilianza. Tanveer alisema polepole kwamba hakumwambia aache sadaka, ila ampe mwenye mdomo wa kushukuru. Kule kwenye kona alikuwapo Bi Zohra, mjane, ambaye wanawe walikuwa hawajaonja nyama tangu Idi. Na mabaki ya nyama yafungwe vizuri, pipa liwe na kifuniko, mwewe wasione kitu.

"Nimpelekee jirani mapafu ya kulisha mwewe?" Bi Musarrat alimkazia macho. "Unataka nizikwe na aibu?"

Aliinuka, akabeba beseni lililofunikwa, akateremka ngazi. Nuzhat alimfuata, akafunga mlango wa paa kwa komeo. Juu, mwewe waliendelea kulia. Tanveer alikuwa amewaonya kwamba wangekuja siku nyingi kabla ya kukata tamaa.

Jikoni, Bi Musarrat alimkabidhi mkwe beseni. "Haya tutakula sisi. Tia pilipili nyingi." Akafungua friji, akatoa paja la mbuzi alilomwekea Adeel kwa siku ya kurudi. Akaliweka kwenye sinia, akalifunika kwa kitambaa safi, akajitanda shela na kutoka.

Alikuwa mbele ya lango la Bi Zohra ndege ilipopita. Ardhi ilitetemeka. Hakuinua macho. Alisimama ameshika sinia kwa mikono miwili, midomo ikitembea, mpaka mngurumo ule mzito, usiokatika, ukaishia mbali. Kisha akagonga.

Bi Zohra alifungua, akaona nyama, akamtazama usoni.

"Ya nani hii, dada?"

"Ya Adeel. Yuko angani sasa hivi. Mwombee."

Bi Zohra alilipokea sinia, akawaita wanawe waje, wote wakainua mikono pale pale langoni.