Roommate wa Momade

"Kalamu hii, karatasi hii. Andika talaka yangu, Momade!"

Momade ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni mwa nyumba yao ya matofali pale kijijini Quitunda. Alimtazama mkewe, kisha akaliona furushi la nguo lililokwisha kufungwa.

"Haula, kuna nini mke wangu?"

"Usiniite mke wako. Kamwite huyo unayelala naye!"

Akamsogezea simu usoni. Momade alikuwa ameisahau kitandani asubuhi, na ujumbe ukaingia: "Good morning my roommate. I miss you yesterday. Elisa."

Tangu Momade aanze kusoma Kiingereza ili apate udereva kwenye kampuni ya gesi, Haula alikuwa anasikia jina hilo kila siku. Elisa kasema hivi, Elisa kacheka vile. Wivu ulikuwa umemkaba roho siku nyingi. Kiingereza hakijui, lakini kaka yake Abdulrahmani, muuza vitenge wa Mtwara, alikuwa amefikia kwake juzi, akamsomea.

"Roommate ni mtu mnayelala chumba kimoja, shemeji," Abdulrahmani alisema akikwepa macho ya Momade. "Ndivyo tulivyofundishwa. Na anasema jana kakukumbuka."

"Elisa ni colega de sala tu!" Momade alijitetea kwa Kireno.

"Sala si chumba?" Haula alifoka. "Umekiri mwenyewe!"

"Sala ya kusomea, Haula! Darasa!"

Lakini wivu, jamani, hausubiri tafsiri ya pili. Haula akabeba furushi lake. Momade, jasho likimtoka, akaichukua simu, akampigia Elisa na kuweka sauti kubwa.

"Elisa, mke wangu anaondoka! Roommate maana yake nini?"

"Si colega de sala? Sala ni room, colega ni mate. Nimeunganisha."

"Ni classmate, dada!" Abdulrahmani alidakia. "Hilo lako linavunja nyumba ya watu!"

"Ai, mana Haula, dada yangu, nisamehe!"

Haula hakucheka.

"Na kumkumbuka je?"

"Jana hakuja, mana, na kamusi yetu anayo yeye. Maneno ningeyaangalia wapi?"

Abdulrahmani akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Haula akatua furushi. Aibu ilimshika, lakini wivu haukutoka hata chembe.

"Darasa saa ngapi?"

"Saa tisa," Momade alijibu kwa woga.

"Nakwenda kujiandikisha."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ila nakupenda kuliko ninavyokuamini."

Saa tisa mwalimu Cândido alimwona mwanamke mgeni akiingia, mumewe nyuma yake.

"Karibu, mama. Mbele kuna nafasi."

"Ahsante, mwalimu. Hapa panatosha."

Momade alipoketi, Haula akajipenyeza kwenye benchi, katikati ya Momade na Elisa, mpaka daftari la Elisa likaanguka.

"Sogea kidogo, dada," alimwambia kwa upole. Chini ya meza akaushika mkono wa mumewe, ule wa kuandikia, na hakuuachia mpaka mwalimu alipofuta ubao.