Diski ya Marehemu Mkuu

"Sindano, maji yamechemka. Bubu anatoka leo."

Redio ikanyamaza.

Sindano, jasusi wa Idara, alielewa. Bubu, mwenzake aliyepandikizwa miongoni mwa wasafirishaji wa silaha, alikuwa ameshtukiwa na sasa anakimbilia mahali pa kuokolewa. Mahali penyewe palichaguliwa na Mkuu, na Mkuu alikuwa ameteketea ofisini pamoja na kompyuta yake.

Zilizonusurika ni nakala za akiba tu, ndani ya kasha la chuma.

Aliyeiunda upya kompyuta hiyo alikuwa fundi wa Idara, mume wa dada yake Sindano, aliyerejea kutoka likizo baada ya maziko. Kilichobaki ni kuweka programu ya kuzisoma nakala hizo.

Programu ikagoma.

*Programu hii tayari imo katika kompyuta hii.*

Sindano akajaribu kuiondoa. Kompyuta ikajibu kwamba haioni cha kuondoa.

Fundi alikuna kidevu. Akaeleza kwamba hayo ni mabaki tu, jambo la kawaida. Angefuta kila kitu na kuanza upya, mradi apewe hadi kesho.

"Kompyuta ni kama mkwe, shem. Ukimharakisha, ananuna."

"Mabaki ya nini? Diski si mpya?"

"Nilirudisha ile ya Mkuu. Haikuungua sana."

Idara ilikuwa na desturi yake: diski iliyokufa hutobolewa na yule aliyeitumia, mbele ya wenzake. Mkuu asingeweza tena, basi kazi hiyo ikamwangukia Sindano, siku ileile ya maziko.

Akatia mkono mfukoni mwa koti na kuweka kitu mezani. Diski iliyoungua ikawa nyeusi, yenye matundu matatu.

"Ile ya Mkuu ni hii."

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake.

Sasa kila kitu kilikuwa wazi. Fundi alikwisha kuiweka programu, akazisoma nakala, kisha kwa pupa akafuta mafaili ya programu badala ya kuiondoa ipasavyo. Usajili wake, yaani kumbukumbu kwamba iliwahi kuwekwa, ukabaki ndani ya mfumo, ukipiga kelele kwa niaba ya Bubu.

Sindano akaufuta usajili. Akawasha kompyuta upya. Akaweka programu.

Ikakubali.

Nakala zikafunguka: ghala la mbolea, nyuma ya kiwanda cha saruji.

"Umewapa?"

Fundi akatazama mlango.

Sindano akachukua drili ya Bosch rafuni, akautandaza mkono wa kulia wa shemeji yake mezani. Tundu la kwanza lilipita kwenye mbao, kati ya vidole.

La pili halikupita kwenye mbao.

Fundi akasema yote. Wauaji wa wale wasafirishaji walikuwa njiani kuelekea ghalani. Sindano akamwekea simu sikioni, naye fundi, kwa sauti aliyojitahidi isitetemeke, akawaarifu kwamba mahali pamebadilishwa: Bubu anaelekea machinjio ya zamani.

Sindano akabonyeza redio. "Gari moja ghala la mbolea. Kikosi kizima machinjioni. Wafike kabla ya wageni."

Wakangoja, wawili hao, damu ikidondoka sakafuni.

Redio ikaita: "Bubu tunaye. Mzima."

Kisha sauti nyingine: "Machinjio shwari. Wote chini, isipokuwa bosi wao. Tummalize?"

"Hapana. Mleteni seli ya chini."

Fundi akainua uso, tumaini likimrudia. "Na mimi, shem?"

"Seli hiyohiyo. Bosi wao atataka kukuuliza kuhusu ile simu."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, akamshika Sindano koti.

"Mfikirie dada yako. Utamwacha mjane."

"Nyeusi humpendeza."

Sindano akaizima kompyuta ipasavyo, akangoja hadi taa yake ya mwisho ikafa. Akarudisha diski ya Mkuu mfukoni, akafunga vifungo vya koti, akatoka bila kugeuka.

Drili aliiacha mezani. Fundi hakuwa tena na mkono wa kulia wa kuishikia.