Njia ya Mzee Sturgis

Saa tano asubuhi, Wendell Pratt, mfugaji wa ng'ombe huko Vermont, aliona gari la bluu limeachwa wazi kando ya daraja la mbao. Chini, kwenye mawe ya mto, alilala Corinne Sturgis, amekufa.

Sajini Delphine Robidoux alianza na Pratt mwenyewe. Kijiji kizima kilijua anavyowachukia watalii.

"Nawatukana, ndiyo," alisema Pratt. "Wanaziba njia wapige picha za majani yanayogeuka mekundu! Lakini kutukana si kuua, Afande."

Dereva wa lori la maziwa alithibitisha kwamba walikuwa pamoja zizini tangu alfajiri.

Mhudumu wa mkahawa wa mjini aliwakumbuka ndugu wawili, kila mmoja na gari lake, wakisafirisha majivu ya baba yao. Corinne alitaka njia za vijijini. Kaka yake, Emmett, alitaka barabara kuu.

"Waligombea ule mkebe wa majivu mpaka chai ikamwagika," alisema. "Mwishowe dada akaukumbatia, akaondoka nao."

Garini mwa Corinne mkebe haukuwamo.

Robidoux alimkuta Emmett kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, akampa habari. Emmett alilia.

"Nilimwonya! Vijia vile vimepinda kama utumbo wa kuku. Mimi nimepita huku huku, sikumwona tena."

"Pole sana. Una swali?"

"Mwili nitapewa lini?"

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Asubuhi mligombea majivu ya mzee nusura mpigane. Sasa aliyeyabeba amekufa, nawe huulizi yako wapi?"

Emmett aligeuka kutazama nyuma ya gari lake.

"Fungua buti, Bwana Sturgis."

Mkebe ulikuwamo, umeviringishwa ndani ya koti.

"Nilimfuata," alisema hatimaye. "Alikuwa tayari anafungua kifuniko pale darajani. Nikauvuta, naye akavuta. Nilipomsukuma, ukingo wa daraja ukavunjika, akaanguka."

"Kwa nini pale?"

"Ng'ambo ya daraja aliishi mwanamke wa baba. Mzee alipita njia ile kila mara, sisi tukidhani anapenda mandhari! Corinne alijua, akamwahidi baba kumrudisha kwa mwanamke huyo. Mama alimwekea sahani mezani miaka yote, Afande. Nilitaka azikwe kando ya mama, basi."

Robidoux alimfunga pingu. Emmett alipoomba kuushika mkebe njiani, Sajini alikataa, akauweka kwenye kiti cha mbele na kuufunga mkanda.