Mbuzi Mwenye Miwani Nyuma ya Kilima

"Hakusikia! Mama hakusikia hata neno moja, bosi, na mimi nilitangaza mpaka koo likawasha!"

Meneja wa redio aliweka kalamu chini. Mlangoni alisimama mtangazaji wake wa asubuhi, simu mkononi, kamba ya kiatu imefunguka. Pale redioni walimwita Cherehani. Akianza kuongea ni kama mtu amekanyaga pedali, hasimami mpaka uzi uishe.

"Kaa kwanza," alisema meneja.

"Sikai. Nikikaa nitalia."

Akaanza kueleza huku anazunguka ofisi. Mama yake na dada yake wanaishi bondeni, nyuma ya kile kilima kinachoonekana dirishani. Dada ana mtoto wa miezi tisa. Wanamwita Bonge kwa sababu ya mashavu yake. Wiki iliyopita gari la kliniki lilikwenda bondeni kuchanja watoto, wasipate surua. Siku ya gari ilibadilishwa, na Cherehani akaitangaza redioni. Gari likafika, likakuta milango imefungwa. Watu wote walikuwa mashambani. Likarudi na chanjo zake.

"Na mafuriko yamekata barabara ya kuja hospitali hapa," alisema. "Lile gari linazungukia mbali, upande wa pili. Vijiji vya jirani tayari vina watoto wenye surua. Bonge bado hajachanjwa, bosi."

Meneja alikunja uso. "Lakini mama yako si hutusikia? Ukimpigia simu hewani, anasema tunasikika vizuri sana."

"Leo dada kanipa ukweli. Mama anasema hivyo ili nisijisikie vibaya. Na majirani zake wote ni hivyohivyo. Eti utamwambiaje mtoto wa watu kwamba kazi yake haifiki? Wana adabu mno wale. Mwaka mzima naongea na jiwe."

Pembeni ya ofisi alikaa fundi wa mitambo, mama mmoja mrefu anayehudumia redio kadhaa za vijijini. Alikuwa anakunywa chai. Masikio yake yalikuwa wazi.

"Basi," alisema meneja, "tununue mtambo wenye nguvu zaidi. Unaonaje, fundi?"

"Vuta pazia," alisema fundi.

Akachukua sinia ya chai. Akaweka birika katikati. Akapanga vikombe viwili mbele ya birika na vikombe viwili nyuma yake. Halafu akawasha tochi ya simu, akaishika chini, karibu na sinia.

"Tochi ni mtambo wetu. Uko juu ya paa la ofisi hii. Birika ni kilima. Vikombe ni watu. Mwanga unafika wapi?"

"Mbele tu," alisema Cherehani. "Huyu wa nyuma ndiye mama yangu?"

"Ndiye. Yuko kwenye kivuli. Sasa naongeza mwanga." Fundi aliongeza. Vikombe vya mbele vikang'aa. Vya nyuma vikabaki gizani vilevile. "Mawimbi ya redio yetu yanakwenda karibu kama mwanga. Hayapiti ndani ya kilima. Ukiongeza nguvu, wa mbele watakusikia zaidi. Wa nyuma bado hawana chao."

Kisha akainua tochi juu ya birika. Vikombe vyote vikapata mwanga.

Meneja alijikuna kichwa. "Kwa hiyo tuhame na studio? Mimi nipande mlimani kila asubuhi na kitambi hiki?"

"Kitambi kibaki hapa, bosi. Studio nayo inabaki. Tunahamisha mtambo wa kurushia matangazo na antena yake. Sauti inatoka hapa kwa antena ndogo, inakwenda kilimani. Kule mtambo unairusha pande zote. Ila antena ya hapa na ya kule lazima zionane, kusiwe na kitu katikati."

"Twende kesho," alisema Cherehani. "Twende leo."

"Polepole. Kwanza kibali. Huwezi kuhamisha mtambo kama unahamisha kitanda. Mamlaka ya mawasiliano lazima ikubali, usije ukawavuruga wengine. Na mwenye shamba la kule kilimani lazima akubali. Halafu tunapima."

Kibali cha majaribio kilichukua muda. Cherehani hakutulia. Akila, anasimama dirishani na sahani yake. Akitangaza, macho yako kilimani. Gari la kliniki lingerudi mwezi unaofuata. Je, bonde lingesikia safari hii?

Kibali kilipokuja, walipanda. Punda alibeba betri na mtambo mdogo wa majaribio. Meneja alitaka kileleni kabisa.

"Juu ndiko juu," alisema, akihema.

Fundi alisimamisha mlingoti mwepesi, akawasha mtambo. Cherehani akasema maneno machache kwenye maikrofoni. Kisha akampigia mama yake. Mama alikuwa amesimama kisimani na redio yake, kwa maana bondeni simu inashika mtandao pale tu.

"Mama, unanisikia redioni?"

"Nakusikia mwanangu. Sauti tamu sana."

Meneja alipiga makofi. Fundi alitikisa kichwa.

"Usimuulize kama anasikia. Muulize umesema nini."

"Mama, nimesema nini?"

"Umesema... mambo mazuri," alijibu mama.

"Umeona?" alisema fundi. "Hiki kilele ni kipana kama meza. Ukisimama katikati ya meza, unaona sakafu iliyo chini ya ukingo wake? Huioni. Mama yako yuko chini ya ukingo."

Wakahamia kwenye bega la kilima, chini kidogo ya kilele. Hapo, upande mmoja unaona paa la redio. Upande wa pili unaona bonde lote, mpaka nguo zilizoanikwa.

"Sasa sema kitu ambacho hawezi kukibahatisha," alisema fundi.

Cherehani alifikiri kidogo. Akasema kwenye maikrofoni, "Mbuzi amevaa miwani, anakwenda kununua sabuni." Akapiga simu. Kabla hajauliza kitu, mama alikuwa anacheka.

"We mtoto, mbuzi gani anavaa miwani? Na sabuni ya nini?"

Punda alishtuka, akakita miguu asisogee. Ni Cherehani aliyekuwa anaruka.

Dada akazungusha redio bondeni kote, nyumba hadi nyumba, kisha akarudi kisimani kuwapigia simu na majibu. Kila mahali aliuliza swali lilelile: wamesema nini? Walipopata majibu ya kweli, waliomba kibali kamili, wakakipata. Mafundi wakasimamisha mlingoti wa chuma. Wakashusha waya mnene kutoka juu mpaka ndani ya ardhi, ili radi ikipiga ipate njia ya kupita. Wakaweka uzio, watoto na mifugo wasisogee. Meneja aliuliza mara kadhaa kama ule uzio ni wa lazima. Fundi alimjibu kwa kumwangalia tu.

Mtambo ulikuwa na siku chache tu kilimani nesi wa gari la kliniki alipopiga simu redioni. Mto unajaa. Gari la kliniki halitangoja Ijumaa. Litafika bondeni Alhamisi, yaani siku inayofuata.

Cherehani alitangaza jioni. Akatangaza tena alfajiri. Akampigia mama, simu imezimwa. Akampigia dada, haipatikani. Akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Utatoboa sakafu," alisema meneja.

"Itazibwa."

Mchana simu iliita. Namba ya nesi.

"Ni mimi, mwanangu," alisema mama. "Simu yangu haina chaji. Nimeazima."

Cherehani alifungua mdomo aulize, "Mmesikia?" Akajizuia. Akavuta pumzi.

"Mama, asubuhi nilisema nini?"

"Ulisema gari linakuja leo, si kesho. Watoto wa miezi tisa na zaidi, tuje na kadi zao. Hapa kisimani pamejaa, hata pa kusimama hakuna. Halafu ukakohoa mara mbili. Umeanza tena maji ya baridi asubuhi?"

Cherehani alivuta kiti. Akakaa.

Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na kilio kikubwa.

"Huyo ni Bonge?"

"Ndiye. Kachomwa sindano sasa hivi. Anamtukana nesi kwa lugha yake."

Cherehani alicheka, akafuta macho kwa kiganja. "Mama, na ule mwaka mzima, ulikuwa unasikia nini?"

"Mvumo tu, kama mtu anakaanga kitu. Lakini nilijua humo ndani uko wewe, ndiyo maana sikuzima." Mama alishusha sauti. "Sasa nieleze, hilo lichuma mlilipandishaje huko juu? Watu hapa wananiuliza. Lakini fanya haraka, nesi anataka simu yake."

"Ni habari ndefu, mama. Washa redio kesho asubuhi."

"Nitawasha."

"Na usiposikia?"

"Nitasema sijasikia," alisema mama.

"Haya. Basi kesho nitawaeleza wote. Nitaanzia pale punda alipokataa kushuka na bosi akatubebea betri."