Bati Linajikunja

Kiema alifika Mtito Andei jua likiwa limebakiza kidogo kuzama. Akashuka kwenye lori na sanduku lake la spana, akijua kazi yenyewe ni ndogo: kubadilisha mkanda wa feni, kuosha chujio, alale, asubuhi arudi Mombasa. Mwaka ulikuwa 1979. Hoteli aliijua. Miaka sita nyuma, akiwa fundi kijana, alikuwa katika kikosi kilichofunga mtambo wake wa hewa baridi, na siku zile watu wa mji ule wa madereva na vumbi walikuja kusimama mlangoni ili tu wapigwe na ule ubaridi usoni.

Mwenye hoteli, Mzee Mutunga, alikuwa akimngoja nje. Hakumkaribisha hata chai.

"Wageni wanasema hewa inanuka."

"Inanuka nini, mzee?"

"Udongo mbichi. Kama shimo limechimbwa leo." Akatazama nyuma yake kwanza, kisha akashusha sauti. "Mwezi uliopita wawili walikufa usingizini. Chumba cha saba, halafu cha nane. Daktari akaandika ni moyo. Sawa, ni moyo. Lakini fundi, huo mtambo nimeuzima tangu Jumanne. Nimekata stima upande wote ule. Nenda uguse kuta."

"Twende basi unionyeshe."

"Nthenya atakupeleka," Mzee Mutunga alisema, na hakusogea hatua hata moja.

Nthenya alikuwa mama mfagiaji, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Alitangulia na taa ya mafuta. Ukumbini kulikuwa na giza, na baridi iliyomfanya Kiema afunge vifungo vya shati. Harufu ikamfikia. Udongo, kweli. Na chini ya udongo, kitu kingine... kama nguo iliyolowa jasho ikasahaulika ndani ya sanduku.

Alitoa kipande cha karatasi mfukoni, akakipeleka juu kwenye wavu wa hewa wa chumba cha saba. Hivyo ndivyo mafundi wanavyopima: mtambo ukiwaka, karatasi husukumwa. Ukizimwa, huning'inia tu.

Karatasi ikavutwa. Ikanata kwenye wavu, pa!

Kiema akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Karatasi ikaachiliwa, ikapeperushwa hadi sakafuni. Baada ya kitambo, wavu ukaanza kuvuta tena.

"Ni upepo wa nje," alisema, ingawa nje hakuna jani lililotikisika.

Nthenya akageuka, akaelekea jikoni.

Chumba cha mtambo kilikuwa nyuma ya jiko. Kiema alifungua mlango wa bati, akachukua taa kwa Nthenya, akaiinua. Mtambo kama ule hautengenezi hewa, watu wengi hawajui hivyo. Unavuta hewa ileile iliyo vyumbani, unaipitisha kwenye mabomba yenye baridi, unairudisha. Alichokitoa mgeni wa chumba cha kwanza kifuani mwake, wa chumba cha nane atakivuta. Kiema alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake hayo kwa kicheko.

Sasa hakucheka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa. Mota ilikuwa baridi. Na feni ilikuwa ikizunguka.

Polepole. Upande mmoja. Ikasimama. Kisha upande wa pili.

Kama kifua cha mtu.

Mikono yake ilitaka kufunga sanduku la spana, lakini alikuwa fundi, na fundi hufuata hewa inakotoka. Alipapasa njia za bati moja moja. Nane zilipanda juu, kila moja na chumba chake. Ya tisa ilishuka chini ya sakafu, kuelekea upande ambao Mzee Mutunga alipanga kujenga vyumba vingine na hakujenga. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa mawe na saruji tangu usiku wa kuamkia siku ya kufungua hoteli. Saruji ilikuwa na ufa, upana wa kidole. Kiema akaweka kiganja hapo.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu.

Halafu kutoka ndani kabisa, chini ya miguu yao...

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ile aliijua. Aliisikia siku ya sherehe, watu wakicheza dansi, nyama ikichomwa uani. Alipowasha mtambo, sauti ilianza kugonga chini, kama ya mtu. Iligonga mchana kucha. Wageni wakauliza, na yeye, akiwa na suti ya kuazima na bia mkononi, akawajibu kwa raha: "Ni bati tu. Bati likipata baridi linajikunja." Jioni ikanyamaza. Yeye mwenyewe aliamini. Au alitaka kuamini, maana kuzima mtambo siku ile mbele ya wakubwa kungemfukuzisha kazi.

Nthenya aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti pamoja, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Kumbe ni hapa," alisema.

"Nini kiko hapa, mwaitu?" Kiema alimwita mama kwa Kikamba bila kukusudia.

"Kijana wangu, Kivuva. Alikuwa kibarua hapa hoteli ikijengwa. Mwembamba, basi walikuwa wanamtuma ndani ya hayo mabati kupaka lami. Jioni ya mwisho kabla ya kufungua, hakurudi nyumbani. Nyapara akaniambia ameenda Mombasa." Alizungumza kwa sauti ya chini, bila machozi. "Nikaomba kanisani miaka mitano. Kimya. Mwaka huu nikaenda Kitui kwa mzee mmoja mganga. Akaniambia hajatoka alikofanyia kazi. Akaniuliza, unataka nini? Nikasema sitaki kifo cha mtu. Nataka tu mwanangu apate pumzi."

Feni ilizunguka, ikasimama.

"Ile pumzi itatoka wapi, sikuuliza," Nthenya alisema. "Hao wageni wawili... Mungu ananiona."

Kisha akainua uso. "Wewe ulikuwepo siku ya kufungua. Nakukumbuka. Kuna kitu ulisikia?"

"Hapana, mwaitu. Sikusikia kitu."

Taa ikazimika.

Haikupulizwa. Ilinyonywa. Na Kiema akahisi hewa ikimtoka kifuani, yote, kama mtu aliyekanyagwa. Akafungua mdomo avute nyingine. Hakukuwa na ya kuvuta. Alianguka magoti, shavu kwenye saruji, na hapo kwenye ufa, karibu na sikio lake, sauti kavu ya kijana ikanong'ona:

"Ni bati tu..."

Alipiga sakafu kwa kiganja. Maneno yalimtoka bila hewa, midomo tu ikicheza. "Nilisikia. Mwaitu, nilisikia. Aligonga mchana kucha."

Hewa ikarudi kwa kishindo. Alilala pale akikohoa gizani. Nthenya hakumgusa, wala hakumlaani. Alitafuta kiberiti, akawasha taa, akaokota nyundo kutoka kwenye sanduku la Kiema na kumwekea mkononi.

"Mtoe," alisema.

Walivunja ile saruji wakipokezana. Walimkuta hatua chache tu kutoka mdomoni, mifupa imejikunyata, mkanda wa suruali ungali kiunoni, spana ndogo mkononi. Ncha ya spana ilikuwa imelika. Bati la juu yake lilikuwa na vishimo vingi mno, kama mvua ya mawe iliyonyesha kutoka chini.

Feni ilikuwa imesimama.

Polisi walikuja. Mzee Mutunga aliapa kwamba hakujua, na nyapara ambaye huenda alijua alishakufa mwaka wa 1975, kwa hiyo kesi ilikosa pa kushika. Hoteli ilifungwa. Kivuva alizikwa kwao Matiliku, kwa nyimbo na maombi, na Nthenya alipomaliza kumwaga udongo wake alimpa Kiema mkono kama alivyowapa waombolezaji wote. Hakumwambia neno lolote, siku ile wala baadaye.

Kiema aliacha ufundi. Alihamia Tawa na mkewe Mbula, akalima, akaokoka, akafanywa mzee wa kanisa. Daktari alimpima mapafu mara mbili na kusema hayana kasoro.

Lakini waumini wa kanisa lile wanajua. Mchungaji akisema tuombe kimya, na kanisa zima likanyamaza, aliyeketi karibu na Kiema husikia pumzi mbili. Moja ni ya mzee, nzito. Nyingine ni ya haraka haraka, ya kijana. Siku hizi hakuna anayekaa naye kwenye benchi lake.

Yeye huketi pale peke yake, kofia magotini. Na maombi yakianza, husogea kidogo upande wa ukuta, kumpisha.