Pete Iliyorudi Bila Jibu

Kila asubuhi Mwanabaraka aliamka kabla ya jua kufika kwenye mapaa ya Mji wa Kale. Alifagia ua, akajaza mtungi wa Bibi, kisha akatoka na bakuli kwenda kwa jirani kununua mahamri na mbaazi. Njia ile ilikuwa nyembamba, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kuamkiwa, kwa hiyo safari ya hatua thelathini ilichukua muda wa hatua mia tatu. Ulikuwa mwaka wa 1999, naye alikuwa darasa la saba. Wazazi wake walifanya kazi Maskati, na yeye aliachwa Mombasa amalize shule huku akimtazama Bibi.

Nyumba yao haikuwa na simu. Bibi alipokuwa na neno la kupeleka mahali, alimtuma mtu, na kutumwa na Bibi kulikuwa na sheria zake. Alikupa maneno, ukayarudia mara mbili mbele yake. Jambo likiwa zito, alivua pete yake ya fedha akakukabidhi, ili unayemwendea aione na ajue maneno yametoka wapi. Kisha sharti urudi na pete na jibu.

"Kufikisha ni nusu ya safari," alizoea kusema. "Nusu ya pili ni jibu."

Wiki hiyo shuleni kulikuwa na jambo jingine. Mwalimu Joab alikuwa ametangaza mdahalo: Je, watu wanaweza kuishi bila intaneti? Mwanabaraka alipewa upande wa kusema hawawezi. Alifurahi mno, mpaka Dzoro, aliyekuwa upande wa pili, alipomcheka mbele ya wenzake.

"Utaisifuje intaneti nawe hata kuigusa hujaigusa? Mimi sili pilau kwa harufu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Maneno hayo yalimwingia Mwanabaraka. Kweli, kompyuta alikuwa ameziona kwa nje tu, kupitia kioo cha duka la dada mmoja aitwaye Mercy katika barabara ya Digo.

Jumatano, baada ya shule, Bibi alimwita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mkono mmoja tumboni, pale penye uvimbe ambao madaktari walipanga kuupasua Jumatatu.

"Sikiza, Mwanabaraka. Wajua kwamba shangazi yako Mishi haji hapa."

Alijua. Kila mtu mtaani alijua. Miaka miwili iliyopita, Babu alipofariki, Shangazi Mishi alifika maziko yamekwisha. Bibi, akiwa na uchungu, alimwambia mbele ya wafiwa wote, "Rudi ulikotoka." Shangazi aligeuka akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kizingiti kile, ingawa kwake ni Tononoka tu, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Kumbe habari ya msiba hakuipata kwa wakati," Bibi alisema. "Kenga, yule mchukuzi wa jirani, ndiye naliyemtuma. Juzi amekuja hapa akilia. Alipita uwanja wa Tononoka, akakuta mpira, akakaa akatazama. Kisha akarudi akaniambia Mishi amesema atamaliza kazi kwanza. Jibu la uongo! Nami nikamfukuza mwanangu kwa jibu hilo."

Alivua pete. Ilitoka kwa shida, kwa maana kidole kilikuwa kimevimba.

"Nenda kwake. Mwambie: mama yako asema amekukosea, na anakuomba radhi. Jumatatu anapasuliwa, na anataka kukuona kabla ya hapo."

Mwanabaraka aliyarudia mara mbili. Alitoka akikimbia, na nia yake ilikuwa safi. Lakini njia ya Tononoka ilipita barabara ya Digo, na barabarani kulikuwa na kile kioo.

Alisimama. Mfukoni, pamoja na pete, alikuwa na kadi ambayo Shangazi alimpa siku moja walipokutana langoni mwa shule. Ilikuwa na anwani ya barua pepe ya ofisi yake, kampuni moja ya mizigo bandarini. Mwanabaraka aliwaza: nikituma hapa, maneno yatafika kabla sijameza mate. Na Dzoro nitamfunga mdomo.

Mercy alimkaribisha vizuri, akampigia chapa maneno yale kwenye kompyuta. Alipomaliza aliyasoma, akamtazama.

"Mdogo wangu, haya si maneno ya kwenda kusemwa?"

"Ni ya haraka, dada."

Mercy alibonyeza, na barua ikaenda. Muda uliobaki Mwanabaraka alitazama picha za miji ya mbali, akijaza daftari lake hoja za mdahalo.

Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, yeye ambaye daktari alimwambia asisimame.

"Amejibuje?"

Hapo ndipo Mwanabaraka alipokumbuka kwamba hana jibu. Angeweza kusema kweli. Lakini aliona macho ya Bibi, akaona aibu yake mwenyewe, na ulimi ukamtangulia.

"Amesema... amesema atakuja Ijumaa, baada ya sala."

"Na pete?"

"Ameiona, Bibi."

Bibi alifunga macho. "Alhamdulillahi," alisema, akaivaa pete yake taratibu.

Mwanabaraka alijiambia kwamba hajafanya kosa kubwa. Barua si imekwenda? Shangazi ataisoma, atakuja, na neno lile litakuwa kweli. Hivyo ndivyo uongo unavyotubembeleza: hutuambia kwamba kesho utageuka kuwa kweli.

Ijumaa Bibi hakusikia la mtu. Alisimamia wali wa nazi na mchuzi wa kamba, vyakula alivyopenda Mishi tangu utotoni. Alifukiza udi chumbani, akajitanda leso mpya kutoka Biashara Street ambayo ilikuwa haijafuliwa hata mara moja. Watu walitoka msikitini, wakapita, wakaamkia, wakaenda zao. Alasiri ikaadhiniwa. Wali ukapoa, mchuzi ukaganda juu. Bibi aliendelea kukaa akitazama mlango, na Mwanabaraka akashindwa kumtazama Bibi.

Magharibi ilipokaribia, Bibi aliinuka.

"Basi," alisema. "Nalimfukuza mbele ya watu, naye ameniweka mbele ya watu. Amenirudishia changu. Mwambie daktari siendi Jumatatu. Nikatwe nini tena? Pameshakatika."

Hakulia, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanabaraka zaidi. Alipiga magoti sakafuni akakumbatia miguu ya bibi yake.

"Bibi, sikufika! Sikumwona Shangazi. Nilituma maneno kwa kompyuta, ofisini kwake. Jibu nililitunga mimi."

Bibi aliketi tena.

"Nalikusimulia habari ya Kenga kwa mdomo wangu," alisema polepole. "Saa ile ile ukaenda ukafanya ya Kenga."

Mwanabaraka alitamani achapwe, maana fimbo ingekwisha mara moja. Lakini Bibi alivua pete tena, akamwekea kiganjani.

"Kesho, jua likitoka, nenda. Usiniletee maneno yako. Niletee yake."

Asubuhi ya Jumamosi hakusimama popote. Shangazi Mishi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Mwanabaraka alimbusu mkono, lakini Shangazi hakutabasamu. Aliingia ndani akarudi na karatasi iliyokunjwa.

"Wewe ndiye uliyetuma hii?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Pale ofisini barua za kompyuta hufunguliwa na karani. Aliichapisha, akaniita, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Wakacheka: ni mama gani huyo aombaye radhi kwa kompyuta? Nami nikaona ni mtu ananifanyia mzaha. Mama yangu hajui hata kuwasha redio! Unajua nilivyolia?"

Maneno ambayo Bibi aliyatoa kwa uchungu, faraghani, yalikuwa yamechekwa na watu wasiomjua. Mwanabaraka alifungua kiganja.

Shangazi aliiona pete. Alishika fremu ya mlango.

"Mama yako asema amekukosea, na anakuomba radhi," Mwanabaraka alisema, machozi yakimtiririka. "Jumatatu anapasuliwa, na anataka kukuona kabla ya hapo. Jana alikungoja mchana kutwa, kwa sababu mimi nilimdanganya kwamba utakuja. Kosa si lake. Ni langu."

Shangazi hakuuliza zaidi. Alichukua buibui lake, akaufunga mlango, wakashika njia.

Bibi alisikia hodi, akaitambua sauti. Aliinuka nusu, akakaa tena.

"Nalikukosea, Mishi."

"Mama, usiseme hivyo. Wewe ndiwe wa kunipa radhi, si mimi."

"Niache niseme. Nimekaa nayo muda mrefu."

Akayasema yote, na Shangazi akayasikia kwa masikio yake, kichwa chake kikiwa magotini pa mama yake. Kisha wali wa jana ukapashwa moto wakala pamoja. Bibi alisema Jumatatu atakwenda, ila Mishi ndiye atakayembebea mkoba.

"Ile kompyuta ndiyo iliyoharibu yote," Mwanabaraka alisema kwa sauti ndogo, akikusanya sahani.

"Hata!" Shangazi alimkatiza. "Usiisingizie. Ofisini hatupokei meli bila hiyo. Mtambo ulipewa maneno, ukayafikisha. Uongo hukuutoa kwenye mtambo, uliutoa kinywani mwako."

Jumatatu, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, Bibi aliikabidhi pete kwa Mwanabaraka.

"Nikitoka salama, nenda kwa huyo Mercy wako umwandikie babako Maskati. Huko miguu yako haifiki. Lakini sheria ni ile ile."

Alitoka salama. Daktari mwenyewe alikuja kuwaambia kwamba uvimbe umeondolewa wote, na Shangazi akakaa chini palepale ukumbini akalia. Mwanabaraka alikwenda barabara ya Digo, akaandika, na barua ikaruka bahari. Kisha akaketi kwenye benchi.

"Nenda nyumbani," Mercy alimwambia baada ya saa moja. "Jibu likija nitakuwekea."

"Nitangoja, dada."

Alingoja saa tatu. Alipofika wodini, Bibi alikuwa amefumbua macho, mdomo umemkauka, sauti nyembamba.

"Amejibuje?"

Mwanabaraka aliinama karibu na sikio lake, wengine wasisikie, akasoma: "'Mwambie Mama nimesujudu kumshukuru Mungu. Mwambie nambusu mkono. Na mwambie nimefurahi kuliko siku zote kusikia Mishi yupo nyumbani.'"

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena. Kisha akauliza, "Na huo mdahalo wenu, ni lini?"

"Alhamisi, Bibi. Sijui tena niseme nini."

"Waambie watu wameishi bila mtambo huo tangu dunia kuumbwa, mimi mmoja wao. Na huenda watoto wako wasiweze, Mungu ndiye ajuaye." Alipumzika kidogo kuvuta pumzi. "Lakini mtu unayeweza kumtuma akarudi na kweli, hata kama kweli ni kusema 'sikufika', bila huyo hakuna aliyewahi kuishi, si zamani, si leo. Kuwa huyo, mjukuu wangu."

"Nitakuwa, Bibi."

Bibi alinyoosha kidole, na Mwanabaraka akamvisha pete yake.