Mguu wa Kulia Umelipiwa

Sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kujikuna ajikune, maana hadithi hii ikishaanza kucheza haisimamishwi.

Huko Upareni, juu mlimani kwenye baridi, palikuwa na mtoto. Jina lake Mbonea, darasa la kwanza, meno ya mbele hayapo.

Mbonea alikuwa na aibu. Si aibu ya kijiko. Aibu ya sufuria nzima.

Mgeni akisema tu "Hujambo," basi. Magoti yanagoma. Shingo inazama mabegani. Mbonea anageuka kobe.

Mtu mmoja tu hakumgeuza kobe. Shangazi Namkunda, dada wa baba yake.

Kila Jumamosi Shangazi alifua mablanketi. Alijaza maji kwenye beseni kubwa la bluu, akamwaga sabuni, akakunja sketi, akaingia na miguu yote.

"Ingia, babaangu," alimwambia Mbonea. Alimwita hivyo kwa sababu Mbonea alipewa jina la babu, na babu ndiye baba yake Shangazi.

Mbonea aliingia. Wakashikana mikono, wakakanyaga blanketi.

Chubwi, chubwi.
Chubwi-chubwi-chubwi.

Shingo ilitoka yenyewe. Magoti yakaacha mgomo. Povu likapanda mpaka puani.

Jumamosi moja, katikati ya povu, Shangazi akasema, "Babaangu, naolewa. Nitakwenda kukaa Songea."

"Songea ni baada ya sokoni?"

"Ni baada ya masoko mengi sana."

Mbonea akaacha kukanyaga. Povu likatulia.

"Siku ya kuniaga utaniletea zawadi mwenyewe," alisema Shangazi. "Mkono kwa mkono. Nitakaa pale mbele, nakusubiri wewe. Sawa?"

"Sawa," alisema Mbonea. Angeambiwa alete mlima, angejibu hivyohivyo.

Basi ikaundwa kamati ya sherehe. Kamati ilikutana kila Jumapili. Ikanywa soda, ikagombania rangi ya vitambaa, ikanywa soda tena.

Mwishowe kamati ikamleta mshereheshaji, MC Mabati. Sauti yake ilikuwa kama mvua juu ya bati, ila mvua huwa inapumzika.

MC Mabati akatoa amri. "Ukumbini kwangu zawadi haitembei. Zawadi inacheza. Unacheza kutoka mlangoni mpaka kwa bibi harusi. Asiyeweza kucheza, zawadi yake itapokelewa mlangoni, na yeye akakae."

Mbonea akasikia. Magoti yakagoma. Shingo ikazama mabegani. Mbonea akageuka kobe.

Akaenda kwa baba yake mdogo, Elifuraha. "Baba mdogo, nifundishe kucheza."

"Hapo umefika penyewe. Mimi nikicheza, watu wote hukaa chini."

"Kwa nini?"

"Heshima."

Baba mdogo akaanza. Mikono ikaenda Tanga, miguu ikaenda Arusha. Kuku wakakimbia, kigoda kikaruka, ndoo ikalala chali.

Mbonea akakaa chini haraka. Sasa alielewa. Haikuwa heshima. Ilikuwa viwiko.

Akamwendea Mwalimu Dakota, bingwa wa kucheza wa pale senta. Mwalimu Dakota alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, ndiyo maana alijigonga sana milangoni.

Mbonea alimpa mali yake yote, pesa alizoweka kwa kujinyima mandazi shuleni. Sarafu mbili na kifungo. Zilikuwa za kununulia zawadi, lakini zawadi isiyofika ina kazi gani?

Mwalimu Dakota akazitazama. "Na kifungo hiki ni cha nini?"

"Ni kizuri," alisema Mbonea.

"Hm. Kwa pesa hii, kijana, nakufundisha mguu mmoja."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni pesa nyingine. Chagua. Unataka upi?"

Mbonea alifikiri sana. "Wa kulia."

Mguu wa kulia ukasomeshwa. Mbele, nyuma, chora duara, kisigino.

Mguu wa kushoto ukafunikwa kwa gazeti. "Usije ukaiba masomo," alisema Mwalimu Dakota.

Mbonea akarudi nyumbani na mguu mmoja msomi. Lakini mfukoni hamkuwa na kitu, hata kifungo.

"Bibi," alisema, "sina zawadi ya Shangazi."

Bibi akanyoosha mdomo kuelekea uani. Pale palikuwa na beseni la bluu, limepasuka kidogo ubavuni, likashonwa kwa uzi wa nailoni.

"Mpelekee lile. Au unataka huko Songea akafulie kwenye kofia?"

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Spika zilikuwa kubwa kama makabati, zinapiga du, du, du mpaka soda zinatetemeka mezani.

Shangazi Namkunda alikaa mbele, kwenye meza kuu. Kamati ilikuwa imeamua: bibi harusi asicheke, asiinuke, wala asijikune.

Wageni wakapanga mstari mlangoni. Mama mmoja alicheza na masufuria. Mzee mmoja alicheza na godoro. Mzee hakuonekana kabisa. Lilionekana godoro lenye viatu.

Kisha akaja Mbonea. Alibeba beseni kichwani, likamfunika mpaka mabegani. Sasa alikuwa kobe kamili, na gamba juu.

"Na huyu nani?" ilinguruma sauti ya MC Mabati. "Ameleta beseni. Lina mshono, jamani. Limetoka hospitali hili."

Watu wakacheka. Si kwamba ilichekesha. Aliyeshika kipaza sauti huchekewa tu.

"Haya, kijana. Zawadi haitembei."

Mguu wa kulia ukaanza. Mbele, nyuma, chora duara, kisigino. Pesa haikupotea.

Mguu wa kushoto ukauliza, "Jamani, hapa tunafanya nini?" Hakuna aliyeujibu. Ukabaki palepale.

Basi Mbonea akazunguka. Akazunguka tena, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Alipochungulia chini ya beseni, alikuwa anautazama mlango alioingilia.

Ukumbi mzima ukacheka. Magoti yakagoma. Shingo ikazama mabegani.

"Basi, basi," alisema MC Mabati. "Beseni lipokelewe mlangoni."

Mjumbe mmoja wa kamati akaja, mkono mmoja kwenye beseni, mkono mwingine kwenye soda. Akavuta.

Mbonea akatazama mbele. Shangazi alikuwa mbali, kule kwenye maua. Na kesho asubuhi basi linakwenda Songea.

"Hapana," alisema Mbonea. Ilikuwa hapana ndogo, hapana isiyo na meno ya mbele.

Akavuta na yeye. Akalitua beseni sakafuni. Akaingia ndani na miguu yote miwili, maana beseni lenye mtu ndani halibebeki.

Na miguu, ilipojikuta ndani ya beseni, ikakumbuka kazi yake.

Kopo, kopo.
Kopo-kopo-kopo.

Beseni kavu halisemi chubwi.

Mguu wa kulia ukasahau masomo yote ya kulipia. Mguu wa kushoto ukasema, "Ahaa, hii naijua."

Kopo, kopo.
Kopo-kopo-kopo.

Mwenye muziki akashangaa, akauzima. Kisha kutoka mbele kabisa, kule kwenye maua, sauti ikaitika.

"Chubwi, chubwi."

Mbonea akasikia. Shingo ikachomoza kidogo.

Kopo, kopo.

"Chubwi-chubwi-chubwi."

Shangazi Namkunda alikuwa amesimama. Alivua viatu. Akakunja gauni lake, gauni lilelile ambalo kamati ililijadili mpaka soda zikaisha.

"Bibi harusi, tafadhali kaa," alisema MC Mabati. "Ratiba inasema…"

"Ngoja kidogo, kaka," alisema Shangazi. "Tunafua."

Akaja anacheza, kutoka meza kuu mpaka mlangoni. Akaingia kwenye beseni. Miguu minne, beseni moja.

"Umeniletea, babaangu?"

"Nimekuletea."

"Mkono kwa mkono?"

Mbonea akampa mikono yote miwili. Wakakanyaga.

Chubwi, chubwi, wakaitikia watoto.
Chubwi-chubwi-chubwi, wakaitikia kina mama.

Yule mzee akaliweka godoro chini, akapanda juu yake, akakanyaga. Hakuna aliyemwalika.

Baba mdogo Elifuraha naye akaingia uwanjani. Wote waliokuwa karibu naye wakakaa chini. Heshima.

MC Mabati akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hakikutoka kitu. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

Hakuna aliyejua nani alikizima. Bibi alikuwa anatazama dari.

Mwalimu Dakota akapanda juu ya kiti. "Mnamwona yule mtoto? Nimemfundisha mimi."

"Mguu gani?" aliuliza Bibi.

"Wa kulia," alisema Mbonea.

"Ahaa," alisema Bibi. "Ndio unaokosea."

Watu wakacheka tena. Safari hii Mbonea naye alicheka, na pengo lake lote likaonekana mpaka mlango wa nyuma.

Pilau haijaisha, Mwalimu Dakota akabandika karatasi ukutani: MAFUNZO YA KUCHEZA BESENI. BESENI UJE NALO. MGUU UNALIPIWA MMOJA MMOJA.

Kamati nzima ikajiandikisha. Miguu yote miwili.

Jioni, nyumbani, beseni la bluu lilikaa mlangoni pamoja na mizigo ya Songea. Lilifungwa kamba vizuri, lina heshima kuliko friji.

Mbonea akapanda kitandani. Shangazi akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Shangazi, huko Songea nani atakanyaga upande wangu?"

"Hakuna. Nitauacha wazi. Shule ikifungwa, unakuja kuukanyaga mwenyewe."

"Na blanketi likichafuka kabla?"

"Litasubiri. Litajifunza adabu."

Mbonea akafumba macho. Lakini chini ya blanketi kitu kilikuwa kinatembea. Polepole. Chubwi. Chubwi.

Shangazi akaishika ile miguu, wa kulia na wa kushoto.

"Laleni na nyie," aliiambia. "Blanketi limetakata."

Miguu ikalala.

Na mimi hadithi nimeifua, nimeikamua, nimeianika. Atakayeamka wa kwanza kesho, aianue.